Shangazi na Mmea wa Nyota ya Tisa

Kupenda kuna vituko vyake. Mtu mzima mwenye akili zake, anayeheshimiwa kazini, anayetembea na funguo za karakana mkobani, anaweza kujikuta saa saba mchana anapita mbio katikati ya mistari ya miche, jasho linamtiririka, kwa sababu anaogopa shangazi yake asije akakuta sinema.

Huyo mtu mzima ndiye huyu wetu. Wateja walimwita Fundi Meno, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na aliiweza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwenye mikono iliyotulia, na macho yanayoweza kutofautisha weupe wa jino la mvuta sigara na weupe wa jino la mnywa chai. Jumamosi hiyo mikono haikutulia hata kidogo.

"Umeficha?" aliuliza kabla hata ya kusalimia.

Bwana Miche, mwenye kitalu, alikuwa amechuchumaa mbele ya kibaraza chake, anafunga machipukizi ya michungwa kwa utepe wa kubebeshea, ule unaoshikiza chipukizi la mti mmoja kwenye shina la mwingine. Hakuinua kichwa.

"Sijambo, nashukuru. Nimeamka salama. Na wewe je?"

"Sina muda wa utani leo. Shangazi anafika saa nane. Zile sinema umeficha?"

"Zimo kwenye pipa la mbolea." Kisha akainua macho, akaiona sura ya mwenzake. "Pipa jipya, halijawahi kutumika. Usinitazame hivyo."

Fundi akavuta pumzi, akakaa kwenye ngazi ya kibaraza. Bwana Miche akakata utepe kwa meno, akajifuta mikono kwenye suruali, akaketi karibu yake. Hakumgusa, ila alikaa karibu kiasi kwamba Fundi alisikia harufu ya udongo mbichi na sabuni, harufu ambayo siku hizi ilikuwa inamfuata hata kazini.

"Nikuulize kitu," Bwana Miche alisema. "Tunaficha nini hasa?"

"Utoto."

"Mimi siuoni huo utoto."

"Shangazi atauona. Alizalisha watu miaka thelathini na moja. Macho yake hayakosei."

Bwana Miche alitikisa kichwa polepole, akanyamaza. Alikuwa mwanamume wa kunyamaza. Wengine hununa wakinyamaza, lakini yeye alinyamaza kama mtu anayesubiri mbegu ichomoze, hana haraka wala hana kinyongo. Fundi alimtazama pembeni ya uso, pale ndevu zilipoanza kuingia mvi mbili tatu, na moyo wake ukamuuma kidogo. Kulikuwa na jambo hakuwa amemwambia.

Jambo lenyewe lilianzia mbali. Hizo sinema zilikuwa za Fundi. Tangu akiwa na miaka kumi na minne, hakuna kilichompa raha kama filamu za bei poa zinazohusu mimea iliyotoka kwenye nyota za mbali ikaja duniani kula watu. Zile ambazo chombo cha angani ni mfuniko wa sufuria unaoning'inia kwenye uzi, na uzi unaonekana. Zile ambazo zimwi ni mtu ndani ya gunia la kijani, na akigeuka unaiona zipu mgongoni. Wanasayansi watano wanakimbia kwenye ukumbi mmoja, wakifika mwisho wanarudi kukimbia ukumbi ule ule, na mwandishi wa filamu anakuapia kuwa hiyo ni ghorofa nyingine. Fundi akiona hayo roho yake ilikuwa kwatu. Hofu ilikuwepo kidogo, kicheko kikawepo kingi, na akimaliza alijisikia kama aliyeoga maji ya moto.

Lakini alipokuwa na miaka ishirini na minne alimwonyesha filamu moja mchumba aliyekuwa naye, mpima ardhi, kijana wa shati lililonyooka. Yule bwana alitazama dakika kumi akasema, "Mwanamke mzima unatazama upuuzi huu?" Uchumba haukufika mbali, ila neno lile lilibaki. Tangu hapo Fundi alizidi kufunga pazia na mlango, akawa anatazama peke yake, sauti chini.

Hadi alipofika kwenye kitalu hiki, miezi minane iliyopita, akauliza kama kuna mmea wowote wa kutisha.

"Wa kumtisha nani?" muuza miche alimuuliza.

"Wa kunitisha mimi."

Mwanamume hakucheka. Alizunguka naye kitalu kizima saa nzima, akimwonyesha wenye miiba, wenye majani kama ndimi, wenye harufu mbaya, akiutetea kila mmoja kwa zamu. Wiki ya tatu Fundi akajikuta anamsimulia juu ya filamu zake. Wiki ya nne wakatazama moja pamoja. Zimwi lilipotokea, na majani yake ya sponji, Fundi alijikunja akisubiri lile neno la mpima ardhi. Bwana Miche akasogea karibu na televisheni.

"Subiri, rudisha nyuma kidogo," alisema. "Umeona? Kila jani lina mishipa. Mtu alikaa akaishona mmoja mmoja. Hawakuwa na hela wala kamera ya maana, lakini mtu alikaa akashona mishipa ya majani."

Fundi alimpenda kuanzia jani lile. Hakuna haja ya kuzungukazunguka, ndivyo ilivyokuwa. Alimpenda, na Jumamosi zote zilizofuata walitazama pamoja, yeye akikagua meno ya mazimwi, Bwana Miche akigundua kwamba msitu mzima wa sayari ngeni ulikuwa miti minne ya kwenye makopo inayohamishwa kutoka kona hadi kona.

Shida ilianza mwezi uliopita. Mama muuza vitambaa, rafiki wa Shangazi wa siku nyingi, alifika kununua mche wa waridi, akasikia mayowe ndani, akachungulia dirishani. Akamwona mwanamume mzima amekaa mbele ya televisheni mchana kweupe, anatazama mti unamla mlinzi wa geti. Fundi alikuwa jikoni anaandaa chai. Habari ilimfika Shangazi kabla chai haijapoa, na jioni ile Shangazi alimuuliza Fundi, "Ni kweli huyo bwana wako ana mambo hayo?" Fundi, ambaye Shangazi ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, alishikwa na kigugumizi. Akasema neno ambalo baadaye lilimnyima raha.

Na tangu hapo Shangazi alikuwa amekataa. "Mwanamume hajakomaa," alisema kila jina lake lilipotajwa. Wiki hii tu ndipo alipolegea kidogo. Alisema atakuja amwone mwenyewe, nyumbani kwa huyo bwana, siyo kwenye kiti cha nyumba ya mtu mwingine. Akikubali, posa inapokewa. Akikataa, yamekwisha, kwa sababu Fundi hangeweza kuolewa huku mama yake huyo wa kulea amempa mgongo.

"Twende ndani," Bwana Miche alisema sasa, akisimama. "Kuna kitu changu nataka ukione kabla hajaja. Nilikuwa nakutengenezea. Halafu kama ni cha kuficha, tutakificha."

Sebule ilikuwa imefagiliwa, vitambaa vya makochi vimenyooshwa. Kwenye kona, karibu na dirisha, kulikuwa na zimwi.

Lilikuwa na urefu wa mtu. Shina lilikuwa mipira mizee ya kumwagilia maji iliyosokotwa pamoja na kuvishwa gunia. Majani yalikatwa kwenye neti ya kivuli ya kitalu, na kila jani lilishonwa mishipa kwa uzi mweupe. Fundi aliyahesabu kwa macho akaacha kwenye thelathini. Juu kulikuwa na mdomo, mabeseni mawili ya plastiki yaliyopakwa rangi nyekundu ndani, yamefunguka, yana meno.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka huku machozi yanamtoka, na kwenye kile kicheko kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa kicheko. Hakuna mtu aliyewahi kumshonea mishipa ya majani.

"Meno ni yale mabovu ya karakana niliyokuomba uniletee bila kukwambia ni ya nini," Bwana Miche alisema, uso umemng'aa. "Nilikuwa nayapanga moja moja, ila haya ya mbele, ya kopo la Alhamisi, haya ni mazuri kupita yote. Seti nzima, juu na chini, haina ufa hata mmoja. Nikajiuliza, huyu kweli anaita haya mabovu?"

Kicheko cha Fundi kilikatika. Alisogea, akainua uso hadi karibu na mdomo wa zimwi. Aliutazama ufizi, ule wekundu mpole alioukoroga mara tatu hadi ukakubali. Aliyatazama meno ya juu. Chonge la kushoto lilikuwa limemlalia mwenzake kidogo, kama mtu anayemnong'oneza jirani.

"Haya ni meno ya Shangazi," alisema.

"Ya nani?"

"Shangazi aliniomba nimtengenezee chonge lililolala, kama alilokuwa nalo usichanani. Dunia nzima hakuna mwingine mwenye meno haya."

"Lakini yalikuwa kwenye maji, kama mabovu mengine yote unayoniletea."

Hapo ndipo Fundi alipojishika kichwa. Meno ya bandia yakikaa makavu yanapinda, kwa hiyo fundi yeyote huyahifadhi majini. Yeye kwa miaka kumi mkono wake ulizoea hivyo, hata mabovu ya kutupa aliyatia maji, maana mkono wa kazi haujui kubagua. Alhamisi alipita hapa na makopo mawili yanayofanana, moja la Bwana Miche na moja la Shangazi, yote yana maji, akaondoka na lisilo lake. Alifungua mkoba wake, akafunua kopo. Ndani yake kulikuwa na magego matatu yaliyovunjika.

"Umeyabandika kwa kitu gani? Usiniambie gundi."

"Utepe wa kubebeshea. Unafunguka."

"Fungua basi."

Walipiga magoti mbele ya zimwi, mmoja upande huu, mwingine upande ule, vichwa vinakaribiana. Utepe wa kubebeshea umetengenezwa ili usifunguke kwa mvua wala upepo, na Bwana Miche alikuwa ameufunga kwa mapenzi. Walikuwa wamefungua mafundo mawili kati ya kumi na sita geti lilipolia.

"Hodi," ilisema sauti inayopita kwenye kitambaa.

Shangazi alikuwa amewahi. Wakunga huwahi, ni ugonjwa wao.

Bwana Miche akanyakua kitambaa cha meza, akalifunika zimwi. Fundi akaenda mlangoni na tabasamu ambalo lingemshawishi mtoto mdogo tu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, amejifunika mtandio ambao upindo wake aliushikilia mdomoni. Meno yake ya zamani yalivunjika wiki tatu zilizopita, na tangu hapo hakuna aliyeuona mdomo wake, hata Fundi mwenyewe isipokuwa alipochukua vipimo. Wiki zote hizo alikunywa chai akiwa amegeukia ukuta. Alizungumza kwa uchache, na kila neno lilipita kwenye kitambaa.

Bwana Miche alimwamkia kwa adabu, akampa kiti kizuri, akampelekea maji. Shangazi alizungusha macho. Aliona makochi, kalenda, sakafu iliyopigwa deki. Macho yakafika kwenye kona, yakasimama hapo.

"Yule aliyefunikwa ni nani?"

Fundi alifungua mdomo ili aseme ni kabati. Bwana Miche akamtazama. Hakumkataza, alimtazama tu, kama anayemuuliza tunafika wapi na hili. Kisha yeye mwenyewe akajibu.

"Ni zimwi, Shangazi."

"Lifunue."

Akalifunua. Shangazi aliinuka, akalisogelea, upindo wa mtandio bado mdomoni. Aliligusa jani moja. Akainama, akaangalia ndani ya mdomo mwekundu. Alikaa ameinama muda mrefu sana.

"Hayo meno ni yangu," alisema.

"Kosa ni la kopo, Shangazi," Fundi alianza, "nilichanganya, nitayasafisha, nitayang'arisha upya, Jumatatu asubuhi..."

"Sijakuuliza wewe." Shangazi alirudi kwenye kiti, akamgeukia Bwana Miche. "Baba, mimi nimekuja hapa na neno moja. Nimesikia una tabia ya kutazama sinema za miti inayokula watu. Nilidhani ni umbea wa mjini. Sasa nakuta mti wenyewe upo nyumbani, na unakula kwa meno yangu. Nilimuuliza mwanangu huyu. Aliniambia, 'Ni mambo yake hayo, Shangazi. Mimi namvumilia tu.' Ni kweli?"

Lile neno likatua katikati ya sebule. Fundi alitamani sakafu impokee. Alimwona Bwana Miche akigeuza uso, akamtazama, na yale macho hakuwa ameyaona kabla. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho ya mtu aliyekanyagwa na mtu anayempenda, anayetafuta namna ya kusogeza mguu bila kumwangusha mwenzake.

Kisha akamgeukia Shangazi.

"Ni kweli, Shangazi," alisema. "Ni mambo yangu. Ananivumilia."

 Fundi alijua kwamba akinyamaza sasa, Shangazi atakubali au atakataa, lakini vyovyote vile yeye atakuwa amemuuza huyu mwanamume kwa bei ya aibu yake mwenyewe. 

"Ni uongo, Shangazi."

"Upi?"

"Wangu wa kwanza, na huu wake wa pili anaousema ili anifiche. Sinema ni zangu. Nazitazama tangu nina miaka kumi na minne. Uliponisikia chumbani nimefunga mlango nasema nasoma, nilikuwa natazama. Yeye alikuwa hazijui hata kidogo, nimemfundisha mimi. Niliona haya, nikamtwika. Mwezi mzima nimemwacha abebe mzigo wangu mbele yako, na yeye hata hakujua anao."

Shangazi alimtazama.  

"Kumi na minne," Shangazi alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani ulikuwa na mvulana mle chumbani. Nilikuwa nasimama nje ya mlango nasikia mtu anapiga mayowe, halafu nasikia unacheka. Nikasema, huyu mtoto ana roho gani." Akatikisa kichwa. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Hilo siyo methali tu kwangu, nimeliona kitandani miaka thelathini na moja. Wale wanaoona haya kuniambia wanaumwa wapi ndio waliotaka kufa mikononi mwangu. Kwa nini uone haya kwangu?"

"Niliogopa utaniona sijakomaa."

"Hujakomaa kwa kumtwika mwenzio. Kwa sinema, sijui, sijaziona." Alisimama. "Ninawie mikono wapi?"

Bwana Miche akamwonyesha uani. Shangazi alipotoka, wawili hao walibaki wamesimama, zimwi katikati yao.

"Uliumia," Fundi alisema.

"Niliumia." Hakujaribu kuficha. "Neno lenyewe. Kwamba unanivumilia."

"Hata mara moja sijawahi kukuvumilia. Jumapili nikiamka nahesabu siku hadi Jumamosi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe ulipotaja miaka kumi na minne. Uliitaja kama mtu anayeng'olewa jino."

"Siku nyingine usinibebee uongo."

"Siku nyingine usinipe wa kubeba," Bwana Miche alisema, na akatabasamu kwa jicho moja, kama kawaida yake, na Fundi akajua kwamba wao wawili wamepona. Alinyoosha mkono akamtoa kipande cha utepe kilichonata kwenye ndevu. Vidole vilikaa pale shavuni zaidi ya ilivyohitaji utepe.

"Wekeni hiyo sinema," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Wakaruka wote wawili.

"Shangazi, si lazima."

"Nimepanda gari kuja kuhukumu kitu, nisikione? Wekeni. Na hayo meno yaacheni hapo hapo kwa leo, yanampendeza."

Bwana Miche alikwenda kwenye pipa la mbolea mbio za mtoto aliyetumwa dukani. Alirudi na filamu ambayo hata wao hawakuwa wameitazama, ya mmea ulioangukia duniani kutoka Nyota ya Tisa. Pazia likavutwa. Shangazi alikaa katikati ya kochi, mgongo wima, kama aliye kwenye baraza la usuluhishi. Fundi alikaa kulia, Bwana Miche kushoto.

Mfuniko wa sufuria ulipita angani. Uzi ulionekana.

"Mbona kuna uzi?" Shangazi aliuliza.

"Hawakuwa na hela, Shangazi," Bwana Miche alisema.

"Wangepaka uzi rangi nyeusi."

Wale wawili walitazamana nyuma ya kichwa chake. Ni maneno ambayo Fundi mwenyewe angesema.

Mmea ukaota kwenye chumba cha maabara, ukammeza mfagiaji. Bwana Miche akasema ua la namna ile likiwa kivulini haliwezi kunawiri, litanyauka kabla ya chakula cha jioni. Fundi akasema meno ya juu na ya chini hayakutani, kwa hiyo mfagiaji hakutafunwa, alimezwa mzima na huenda yuko hai.  Daktari wa filamu akakimbia ukumbini, akafika mwisho, akarudi kukimbia ukumbi ule ule.

"Amepotea?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, hiyo ni ghorofa ya pili," Fundi alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa kicheko alichokibana.

Kisha ikafika ile sehemu ambayo hakuna aliyeitarajia. Mmea ulilala chini ukaanza kugugumia. Tumba likavimba. Daktari akavaa glavu, akapiga magoti, akaanza kuuzalisha.

Shangazi akasogea mbele kwenye kochi.

"Asimvute," alisema. "Mwambieni asimvute. Mtoto havutwi hivyo. Anamsimamia upande gani huyu? Yuko kichwani kwa mama. Mtoto atatokea wapi, sikioni?"

Daktari akavuta. Likatoka kichaka kidogo chenye macho, kikalia kama paka.

"Na kitovu je? Hajakata kitovu. Anakimbia naye na kitovu kinaburuta, jamani, huyu mwanamume kasomea wapi?"

Ndipo kicheko kilipomtoka. Kilianza chini tumboni, kikampandisha mabega, na Shangazi, aliyejifunika wiki tatu nzima, aliachia upindo wa mtandio ili ashike mbavu. Mtandio ukaanguka mapajani. Alicheka mdomo wazi, ufizi mtupu, machozi yanamtiririka, akimpiga Bwana Miche gotini kwa kiganja kila kile kichaka kilipolia. Bwana Miche naye alikuwa hajiwezi. Fundi hakucheka. Alikuwa anautazama ule mdomo ambao alikuwa ameupima kwa plasta na nta, na hakuwahi kuuona ukiwa na furaha namna ile.

Simu ya Shangazi ikalia, Bwana Miche akaisimamisha filamu kwa rimoti. Shangazi akaitazama, akajifuta macho, akabonyeza spika. Ilikuwa sauti ya mama muuza vitambaa.

"Enhe, shoga, umeshamwona? Si nilikwambia? Mtu mzima na sinema za miti. Masikini binti yako, anavumilia mengi."

 Shangazi alimnyooshea Fundi simu, mkono umenyooka, macho yake yamemkazia. 

Fundi akaipokea.

"Shikamoo mama," alisema. "Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu, kumbe upo..."

"Nipo. Nataka ujue mtu wa sinema ni mimi. Nazipenda tangu mtoto, na nitazipenda mpaka nizeeke. Siku ile ulipochungulia nilikuwa jikoni nachemsha chai, nilimwambia atazame kwa niaba yangu anisimulie kitakachonipita. Mchumba wangu hana kosa. Nimemfundisha mimi."

 Neno mchumba lilikuwa limemtoka lenyewe. Miezi minane Fundi alikuwa amemwita huyu mwanamume majina mengi mbele za watu, yule wa miche, rafiki yangu, bwana fulani. Miezi miwili iliyopita, Bwana Miche alipomuuliza kati ya mistari ya michungwa kama atakubali waoane, alimjibu, "Ngoja Shangazi akuone," na hakusema ndiyo wala hapana.

"Mchumba?" mama muuza vitambaa aliuliza. "Tangu lini?"

Fundi aliinua macho. Bwana Miche alikuwa amegeuka kabisa, ameacha televisheni, anamtazama yeye peke yake, na mkono wake ulikuwa umeganda hewani. Shangazi alikuwa anaukunja mtandio wake mapajani taratibu, bila kuurudisha mdomoni.

"Tangu sasa hivi, mama," Fundi alisema.

Shangazi akaichukua simu. "Umesikia mwenyewe. Wazee wa huyu kijana watakuja wiki ijayo, na wewe uje usaidie kupika. Sasa tuache, tunatazama." Akakata, akajisogeza vizuri kwenye kochi. "Baba, endelea basi. Nataka nijue kama yule mtoto atapona."

Bwana Miche alitafuta rimoti kwa muda mrefu, chini ya mito, nyuma ya kochi, na ilikuwa mkononi mwake.